Kiguu na Kofia ya Chuma

Jina lake la kitambulisho lilijulikana na watu wachache. Mtaani, kazini, hata kwa wakwe zake aliitwa Kiguu, kifupi cha kiguu na njia, kwa sababu tangu ajue kusimama hakujua tena kukaa. Ukimpa kiti, alikalia ukingo wake. Ukimpa chai, aliinywa wima, kikombe mkono mmoja, mkono mwingine ukikaza skrubu ya bawaba ambayo haikumwomba msaada. Mama yake mzazi alikuwa akisema, "Huyu nilimbeba miezi minane tu. Mwezi wa tisa alikataa kuungoja."

Aliuza vocha za simu, akaacha. Akafua mashuka ya hoteli, akaacha siku ileile aliyopandishwa cheo, maana cheo chenyewe kilikuwa cha kukaa mezani. Halafu akajifunza kutengeneza mafriji, na hapo alidumu, kwa kuwa mafriji mabovu yametapakaa nyumba hadi nyumba na kazi yake ni ya kutembea. Katika kutembea huko akampata mume: fundi cherehani mmoja mtaratibu, mwenye friji isiyogandisha na maneno machache. Friji ile Kiguu aliirudia mara nyingi kuliko ilivyostahili. Majirani walishaelewa zamani kinachotengenezwa pale. Wenyewe wawili ndio walikuwa wa mwisho kujua.

Wakaoana, wakapata binti, wakahama. Wakahama tena. Kiguu akisikia mji fulani una kazi, kesho yake ameshaulizia nyumba. Mumewe alikuwa akivua mkanda wa cherehani, anaviringisha kichwa cha mashine kwenye blanketi kuukuu, anafunga kamba, anabeba. Kila mahali alianza upya kutafuta wateja, na kila mahali wateja walipoanza kumzoea, kamba ilifungwa tena. Hakulalamika. Au pengine alilalamika, ila kwa sauti ya chini ambayo mkewe hakuwa na muda wa kuisikia.

Pampu ndiyo iliyomfikisha kwenye kiwanda cha vioo. Mwenye kiwanda alikuwa daktari wa meno mstaafu, na wote walimwita Daktari ingawa koleo alishaliweka chini. Alikuwa amechoshwa na vile vioo vidogo vya kutazamia meno, vinavyoagizwa kutoka mbali na kufika vimekwaruzika, akaamua kuvitengeneza mwenyewe. Kiwanda kilikuwa nyumba ya kawaida iliyovunjwa kuta za ndani; palipokuwa jikoni bado palikuwa na sinki lake. Kiguu aliitwa aje kuangalia pampu inayokohoa. Akaifungua, akaitibu, akaifunga. Halafu, badala ya kuondoka, akasimama mbele ya dude lililounganishwa nayo.

"Na hili nalo ni la nini?"

"Hiyo ni Kofia," Daktari akasema, na uso ukamchangamka kama mtu aliyeulizwa habari za mjukuu.

Ilikuwa kengele kubwa ya chuma kisichoshika kutu, inayomfika mtu mzima kifuani, imefunika sahani nene ya chuma hichohicho. Iliinuliwa kwa mnyororo, vipande vya kioo vikapangwa ndani, ikashushwa, kisha pampu ikavuta hewa mpaka kukabaki ombwe, utupu ambao hata vumbi halina pa kuelea. Ndipo waya wa alumini ulipopashwa umeme hadi ukawa mvuke, na mvuke ule ukatua juu ya vioo, laini kuliko pumzi. Hapo kioo cha kuonea nje kinageuka kioo cha kujitazamia. Ila ikibaki ndani hewa kidogo, au unyevu, alumini inagombana nao njiani, na kioo kinatoka na ukungu kama kimepuliziwa maziwa.

Kiguu aliangalia kazi moja mwanzo hadi mwisho, akaomba ajira palepale. Hakujua kwamba alichoomba ni kazi ya kusubiri.

Ukishawasha pampu, mshale wa geji, kipimo cha hewa iliyobaki ndani, ulishuka kwa kasi, ukakupa moyo, halafu ukafika mahali ukaganda. Unautazama, nao unakutazama. Msimu wa mvua ndio usiseme: asubuhi nzima inakwisha mshale haujafika panapotakiwa. Mhandisi wa kiwanda, mwanamke mdogo kuliko Kiguu, mwenye miwani na sauti ya upole, alitumia muda huo kusoma. Daktari alisinzia. Kiguu alifagia, akafuta madirisha, akapanga spana kwa ukubwa, akazipangua, akazipanga kwa uzee. Akaizunguka Kofia mpaka sakafu ikaanza kuchubuka mduara.

"Kuna mahali panavuja," akasema siku moja.

"Hakuna, dada. Nimepima kila kiungo." Mhandisi akafunga kitabu. "Ni kuta zenyewe. Kila tukiinua Kofia, kuta zake zinakunywa unyevu wa hewa. Na ile alumini ya zamani iliyogandia ndani ina vitundu kama sponji, inakunywa zaidi. Tukishusha na kuvuta, zinaanza kuutema. Kidogo kidogo. Pampu inatoa, ukuta unaongeza."

"Basi tuukomeshe ukuta."

"Kwa kitu gani?"

"Tuupake! Ukuta uliopakwa haunywi maji. Kwani nyumba tunapaka kwa ajili gani, urembo tu?"

Mhandisi akacheka. "Kuupaka ndiyo njia yenyewe, dada, watu wanafanya hivyo. Ila mpako wenyewe si wa..."

Simu yake ikalia, akatoka nje kuipokea. Aliporudi, Kiguu alikuwa juu ya ngazi anabadilisha balbu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Nusu ile ya sentensi ilimwingia Kiguu kichwani ikakataa kutoka. Kuupaka ndiyo njia yenyewe. Alienda nayo nyumbani, akala nayo, akapiga nayo pasi nguo za wateja wa mumewe mpaka mumewe akamwambia, "Mama, hiyo suruali imeshanyooka. Unaiunguza."

Mwisho wa juma ulipofika, Daktari akasafiri kwenda harusi ya mpwa wake, Mhandisi akapumzika kwake, na funguo za kiwanda zilibaki kwa Kiguu. Alitoka asubuhi kama anakwenda sokoni. Akapita duka la vipuri vya magari, akataka rangi ya fedha ya kupuliza, ile ya bomba la moshi, inayovumilia moto. Muuzaji akamwapia kwamba rangi hiyo haitoki hata kwa jehanamu. Hilo likamtosha. Akainua Kofia, akaipiga msasa ndani kwa nguvu zake zote, akapuliza tabaka la kwanza, la pili, na la kuaga. Akaweka taa kali za kukaushia. Jioni akapitisha kidole: pakavu, laini. Kofia ilimeta ndani kama sufuria ya bibi harusi. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi pale, Kiguu alirudi nyumbani bila haraka.

Jumatatu aliwahi kuliko wote, akawasha pampu. Mhandisi alipoingia alisimama mlangoni, akavuta hewa puani.

"Ni harufu ya nini hii?"

"Subiri uone mshale," Kiguu akasema.

Mshale ulianza safari yake kama kawaida. Kisha ukasimama, juu kabisa, mahali ambapo hata msimu wa mvua haukuwahi kusimama. Pampu ikaanza kukohoa. Kiguu akagonga geji kwa ukucha. Akagonga tena. Mchana ukaingia, mshale uko palepale. Akakaza roho, akapasha waya wa alumini hivyohivyo, na vioo vikatoka rangi ya chai ya rangi. Mhandisi alipofungua kifuniko cha oili ya pampu, oili ilikuwa nzito, inanuka duka la rangi.

"Umefanya nini?" akauliza. Upole wote ulikuwa umemtoka.

Kiguu akamweleza. Alipomaliza, Mhandisi alivua miwani, akashika paji la uso.

"Rangi! Umepaka rangi ndani ya ombwe! Inakauka juu tu, dada. Ndani bado ina mafuta yake, ina tina yake ya kuyeyushia, na ombwe linaifyonza yote. Ukuta ulikuwa unatoa jasho. Sasa umeutia kidonda, unatoa usaha."

Daktari alifika na suti ya harusini, furaha bado usoni, akaambiwa. Chuo cha madaktari wa meno kilikuwa kinangoja vioo vya mitihani ya wanafunzi, na alikuwa ameahidi kwa kinywa chake. Hakupiga kelele. Alivuta ndewe ya sikio, kama alivyokuwa akifanya zamani jino linapokatikia ndani. Akamtazama Kiguu, ambaye alikuwa ameanza kusogea kinyumenyume kuelekea mlangoni bila kujijua.

"Mama," akasema, "nimewatoa watu meno maisha yangu yote. Mtu anayetaka kukimbia kabla sindano haijaingia namjua kwa miguu yake. Usikimbie."

Kiguu akatundika ovaroli msumarini, akakimbia.

Mumewe alikuwa barazani na cherehani yake, anashona sare za shule. Kiguu alipita kama upepo, akaingia ndani, akaburuta sanduku kutoka uvunguni. Akarudi barazani.

"Kuna kampuni ya maghala ya baridi, ule mji wa juu. Wanataka fundi. Nimepiga simu njiani. Tukiondoka kesho kutwa tutakuwa tumewahi."

Cherehani ikaendelea kulia.

"Baba, unanisikia?"

"Nakusikia." Akamaliza mshono, akakata uzi kwa meno. "Umeharibu nini?"

Hapo Kiguu akaketi. Aliketi kwenye sakafu, juu ya vipande vya vitambaa, akasema yote, rangi, harufu, mshale, oili, suti ya Daktari. Mumewe alisikiliza huku anakunja sare moja moja. Mwisho akasema:

"Mimi safari hii siendi."

"Utanipenda hapa nikimwaga unga?"

"Unga hujamwaga. Nani amekufukuza? Umejifukuza mwenyewe." Alisema polepole, kama mtu anayepima kitambaa asije akakosea mkasi. "Mama, mimi nimechoka kufunga na kufungua cherehani hii. Kule kwa mafriji ulisema bosi mbaya. Hata hotelini, kabla hatujaoana, ulisema meza. Kila mahali tunaondoka kitu kikiwa nusu. Mimi mwisho wa kitu chako hata kimoja sijauona. Hapa watu wananiita kwa jina. Mtoto ana rafiki. Ukienda, nenda, sitakuzuia. Ila mimi nimekaa."

Kiguu alimtazama mtu huyu ambaye aliishi naye miaka yote hiyo akidhani hana la kusema. Hasira zikampanda, zikakosa pa kushika. Akatoka nje akatembea mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, akaenda tena, akarudi. Binti yao alimkuta akizunguka akamuuliza kama amepoteza kitu. Akajibu hapana, akaendelea kutazama chini.

Asubuhi alirudi kiwandani. Asingesema ni ujasiri. Alirudi amenuna, kwa sababu nyumbani palikuwa na mtu asiyekubali kuhama. Ovaroli ilikuwa bado msumarini. Daktari alimpita, akamwambia, "Glavu ziko kwenye sinki," basi.

Kazi ya kuitoa rangi ile ilikuwa adhabu tosha. Muuzaji hakudanganya: haikutaka kutoka. Kiguu alipochukua brashi ya waya, Mhandisi akamdaka mkono.

"Usikwaruze! Kila mkwaruzo ni chumba unachoyajengea maji. Ule msasa wako tu umeshatujengea mtaa mzima. Dawa ya kutolea rangi, kitambaa, na polepole."

Polepole. Neno lenyewe lilimwasha mwili. Alipaka dawa, akangoja rangi ivimbe, akaifuta, akapaka tena. Mhandisi alivua koti lake akaingia upande wa pili wa Kofia, wakawa wanasuguana viwiko kwenye kengele iliyolazwa ubavu. Siku ya kwanza hawakusemezana. Siku ya pili Kiguu alishindwa kunyamaza.

"Siku ile ulitaka kusema mpako wenyewe si wa nini?"

"Si wa brashi." Mhandisi alitoa kichwa nje kuvuta hewa. "Kofia inaingizwa kwenye tanuri. Inapashwa mpaka chuma kinatapika maji yake yote. Halafu inapelekewa gesi yenye silikoni. Ile gesi ikigusa chuma cha moto inaiacha silikoni pale, chembe juu ya chembe, mpaka ukuta unavaa ngozi. Nyembamba, huwezi hata kuishika, ila haina vitundu, na ni jamaa ya kioo. Maji yakija hayapati pa kung'ang'ania."

"Kumbe unajua yote hayo! Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa nakuambia. Nikarudi kutoka kwenye simu, nikakuta uko darini na balbu."

Kiguu akacheka kabla hajajizuia, na Mhandisi naye akacheka, na kicheko chao kikavuma ndani ya chuma. Kisha Mhandisi akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba wazo la tanuri alishalipeleka kwa Daktari mwaka uliopita. Daktari aliogopa. Kofia ni moja. Ikiondoka, kiwanda kimelala.

"Sasa si kimelala tayari?" Kiguu akasema.

Wakatazamana. Wakaenda kwa Daktari wote wawili, na glavu zao zinachuruzika. Daktari akavuta sikio kwa muda mrefu. Akasema kwanza atapiga simu chuoni, aombe radhi. Kisha akasema, "Ipelekeni."

Karakana ya tanuri ilikuwa mji mwingine. Waliifunga Kofia kwenye magodoro nyuma ya pikapu, na Kiguu akapanda nyuma nayo, ameikumbatia kila tuta. Mwenye karakana, Fundi Tanuri, alikuwa mtu mnene asiye na nyusi. Moto ulizichukua zamani na hazikurudi. Aliizunguka Kofia bila kuigusa. Akachukua mtungi wa maji safi ya kuchujwa, akayamwaga taratibu ukutani kwa ndani.

"Maji yakitanda kama shuka, pamesafika," akasema. "Yakijikunja vitone, pana mafuta."

Yalitanda. Yalitanda vizuri, Kiguu akaanza kutabasamu, mpaka yalipofika begani mwa kengele. Pale yakajikunja vitone, na vitone vikajipanga vikachora kiganja cha mtu, vidole vitano, kidole cha mwisho kimepinda kidogo.

Kiguu akaficha mkono nyuma. Kidole chake cha mwisho kilivunjwa na mlango wa friji enzi za ufundi wake, kikaunga kombo. Alikumbuka: alivua glavu kujifuta jasho, akajiegemeza.

"Nani huyu?" Fundi Tanuri akauliza.

"Mimi," Kiguu akasema. "Niachie. Naanza upya."

Akaanza upya, sabuni, maji ya moto, maji ya kuchujwa, bila mtu kumsimamia. Miguu ilitaka mlango, mikono ikaendelea. Maji yalipotanda kote bila kukunjika, Fundi Tanuri alitoa mguno ambao kwake ulikuwa hotuba nzima, na Kofia ikaingia motoni.

Halafu kukaja kungoja kwenyewe. Tanuri halikuwa na dirisha. Hapakuwa na mshale wa kutazama wala cha kufuta. Moto ulipozimwa, Kiguu alidhani kumekucha, kumbe ndiyo kwanza.

"Bado inapoa," Fundi Tanuri akasema. "Ukifungua sasa, hewa itaila ngozi kabla haijatulia. Nenda huko nje ukazunguke, unanitia kizunguzungu."

Alizunguka. Alizunguka karakana, kisha mtaa, kisha soko la mji asioujua, akauliza bei za vitu asivyovitaka. Kituo cha mabasi kilikuwa pale, na basi la mji wa juu lilikuwa linaita abiria. Alisimama akalitazama mpaka utingo akamuuliza, "Mama, unapanda au unatuhesabu?" Akatoa simu, akampigia mumewe. Kabla ya sauti yake alisikia cherehani.

"Uko wapi?" mumewe akauliza.

"Hapa. Sijaenda popote."

Cherehani ikanyamaza. Mumewe akacheka, kicheko ambacho Kiguu hakuwa amekisikia muda mrefu, hata akasahau kukasirika.

"Basi kaa," akasema. "Hata mimi niko hapa."

Kofia ilitoka tanurini na rangi ambayo hakuna aliyeitia. Ukuta wa ndani ulikuwa na buluu inayoteleza kuingia zambarau, na dhahabu hafifu penye mshono wa kuchomelea, kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Kiguu alinyoosha mkono, akaukumbuka, akaurudisha mfukoni.

Siku waliyoirudisha kiwandani mvua ilikuwa inanyesha, mvua ya makusudi. Daktari alisema wangoje ikatike. Mhandisi akasema la, leo ndiyo siku ya kuijaribu. Wakashusha Kofia juu ya sahani yake, Kiguu akawasha pampu yenye oili mpya. Mshale ukashuka. Ukafika pale pa siku zote pa kuganda, ukatetemeka kidogo, na Kiguu akajikuta amekamata mkono wa Mhandisi. Mshale ukapita. Ukaendelea kushuka taratibu, na hawakuwa wamemaliza hata chai walipoona umefika.

Daktari hakuamini. Aligonga geji, akauliza kama haijafa. Walipoinua Kofia, akachukua kioo cha kwanza kwa kibanio, akakisogeza mdomoni, akapanua kinywa akatazama meno yake mwenyewe, la juu, la chini, la nyuma kabisa.

"Hili limetoboka," akasema. "Miaka yote hii sikuliona."

Isidhaniwe kwamba mambo yote yalinyooka. Sahani ya chini haikupelekwa tanurini, nayo iliendelea kutoa jasho lake; gasketi, ule mpira wa kuzibia ukingo, vilevile. Mhandisi akaweka ngao za bati jembamba ndani, za kupokea alumini inayopotea, ili zivuliwe na kusafishwa, ngozi ile isije ikafunikwa na sponji nyingine. Chuo kilipata vioo vyake kwa kuchelewa, na mkuu wake hakumsalimia Daktari mpaka mwaka ukaisha. Lakini kazi ya asubuhi nzima sasa ilifanyika mara kadhaa kwa siku, mvua au jua.

Na Kiguu? Mtu angedhani angetulia. Kwa muda alikuwa na furaha ya mtu aliyeumaliza mlo wake. Kisha akaanza tena kupanga spana. Siku moja Fundi Tanuri akapiga simu: ana wateja, maabara ya chuo, hospitali yenye mashine ya kukaushia dawa, watu wa darubini, wote wana vyombo vya ombwe vinavyotoa jasho, na wote wanavileta karakana vichafu. Anahitaji mtu wa kwenda huko huko, avifungue, avisafishe, avilete. Mtu asiyechoka njia.

Kiguu hakujibu palepale, na hilo pekee lilikuwa jambo jipya. Alikwenda nyumbani akamweleza mumewe, akiwa ameketi, ingawa goti moja lilikuwa linarukaruka.

"Sikuambii tuhame," akasema. "Nakuambia mimi nitakuwa natoka na kurudi."

"Kurudi?"

"Kurudi."

Mumewe alifikiri. Akauliza kama kiwanda amekimaliza. Kiguu akasema amekimaliza, Mhandisi amempata mtu wa pampu, na Daktari ameridhia, ila anataka aje kila mara kuisalimia Kofia. Mumewe akainuka akatoka, na Kiguu akadhani ndiyo imekwisha. Jioni alimkuta amekata kitambaa cheupe kisichotoa manyoya, anamshonea koti la kazi lenye mikono ya kubana, bila mfuko hata mmoja.

"Mifuko inakusanya uchafu," akasema bila kuinua uso. "Mhandisi wako aliniambia. Na ukitaka kuficha mikono, ujue huna pa kuificha."

Ikawa hivyo. Kuna wiki alizoondoka nyumba ikapumua, na kuna wiki alizorudi akakuta mumewe amekasirika kwa sababu ya simu aliyosahau kupiga, na binti hataki kumweleza ya shule. Si kila mara waliridhiana. Mara moja walikaa siku nzima bila kusemezana, cherehani ikisema kwa niaba ya wote. Lakini baraza ilibaki na fundi wake, na wateja wakazoea kumwona mke wa fundi akishuka kwenye basi na ndoo ya vitambaa, anapita mbio kuwaamkia huku ameshafika mlangoni.

Majuzi alikuwa kwenye hospitali ya mbali, mikono ndani ya chombo, simu imebanwa begani.

"Jumamosi utakuwepo?" mumewe akauliza. "Mtoto ana mchezo shuleni. Anaimba peke yake."

"Saa ngapi?"

"Jioni."

"Nitakuwepo. Sasa hivi naosha mara ya mwisho, nikifunga tu naondoka."

Mumewe akamwambia sawa. Kisha akamwambia asifunge kwa haraka.

Hakufunga kwa haraka. Alikuta doa, akaosha tena, akaingia shuleni mtoto ameshaanza kuimba, akasimama nyuma kabisa ukumbini, koti jeupe bado mwilini, anahema, na mistari miwili ya mwisho aliisikia yote.